Kichwa cha Kabuye

Colombe Nsimire alizaliwa juu ya jiwe. Wapo wanaosema hivyo kwa kupamba maneno, wakitaka kueleza kwamba mtu alizaliwa katika taabu. Yeye alizaliwa juu ya jiwe lenyewe, mgongo wa mama yake ukiwa umeegemea mavi makavu ya ndege, ndani ya ziwa Kivu, mahali ambapo mtu akipiga kelele anasikiwa na samaki tu.

Jiwe hilo liliitwa Kabuye. Ukitoka kisiwa cha Idjwi kuja Bukavu kwa boti ya mota, ukikaribia ufuko wa Mulonge chini ya mji, ulikuwa unaliona kutoka mbali: mwamba mweusi wa hatua arobaini kwa ishirini, na upande wake wa kaskazini kichwa kilichoinuka kupita paa la nyumba. Kichwa hicho kilikuwa cheupe kabisa. Weupe wake haukuwa wa jiwe, ulikuwa wa ndege. Minandi, wale ndege weusi wenye shingo ndefu wanaozamia samaki kisha wakatandaza mabawa yao juani, walilala na kutaga hapo tangu siku zisizokumbukwa, na mavi yao yalikauka tabaka juu ya tabaka mpaka yakawa kama chokaa. Wazee wanasema zamani walikuwa makumi tu. Sambaza walipoletwa kutoka Tanganyika, wakati wa Wabelgiji, na ziwa likajaa samaki hao wadogo, minandi nao wakawa mamia. Kulikuwa na mtini mmoja uliotia mizizi katika ufa, na kenge walioishi kwa kuiba mayai, na fisi-maji waliokuja kulia samaki wao upande usio na upepo wakaacha magamba yakimetameta. Udongo wa Kabuye wote usingejaza kofia. Hakuna aliyewahi kujenga hapo.

Lakini watu waliwekwa hapo.

Msichana aliyepata mimba akiwa bado nyumbani kwa baba yake, kabla ng'ombe wa mahari hawajafika, alihesabiwa kuwa mkosi. Ilisemwa kwamba akizaa ndani ya boma la baba, ng'ombe watakauka maziwa na mvua itapotea. Basi wajomba na kaka walimfunga mikono, wakamtia katika mtumbwi, wakamshusha Kabuye bila moto, bila chakula, bila jembe. Wasichana wa milimani hawakujua kuogelea. Waliopita karibu na jiwe walikuwa na sheria yao: geuza uso, tazama upande mwingine, kwa maana aliyetazama alijigawia mkosi. Ni mwanamume maskini tu, asiye na ng'ombe hata mmoja wa kuolea, aliyekuwa na ruhusa ya kumchukua msichana wa jiwe na kumfanya mke bure. Maskini asipotokea mapema, kenge walishiba.

Mapadre walikuwa wameshakataza jambo hili, na serikali ya wazungu ilikuwa imeshalikataza, na watu wote wa Mulonge walikuwa wamebatizwa, mwaka wa 1957, walipompeleka Nzigire, mama yake Colombe. Walimpeleka siku ya Jumatatu, ili wasikose misa ya Jumapili.

Nzigire alikuwa na miaka kumi na sita. Alikunywa mayai mabichi ya minandi. Siku ya tatu alizaa, akakata kitovu kwa kipande cha jiwe chenye makali. Katika siku hizo mitumbwi saba ilipita, na baadaye, alipokuwa akimsimulia binti yake, hakusema kwamba aliona watu. Alisema aliona visogo.

Siku ya nne alifika mvuvi wa Idjwi, jina lake Alphonse, aliyefuata mayai. Alizunguka jiwe mara mbili kwa mtumbwi wake, akimkagua msichana kama mtu anayekagua mbuzi sokoni.

"Unajua kulima?" akauliza.

"Najua."

"Kusuka mikeka?"

"Najua."

"Haya, ingia. Lakini ile kitu unashika, uache."

Nzigire akashuka mpaka kwenye maji, akamweka mtoto kwanza ndani ya mtumbwi, juu ya nyavu, kisha akashika ukingo wa mtumbwi kwa mikono yake miwili na kusema: "Sasa mutoe weye mwenyewe, umutupe. Miye naangalia."

Alphonse hakuwa mtu mwema, ila hakuwa na moyo wa kutupa mtoto huku akitazamwa. Ndivyo Colombe alivyotoka Kabuye, akiwa na siku moja duniani.

Alphonse alimtumikisha Nzigire jinsi mwanamume asivyoweza kumtumikisha mke aliyemtolea ng'ombe, maana mke wa ng'ombe akipigwa sana ana baba wa kumkimbilia. Huyu hakuwa naye. Na kila alipochoka kumpiga, alimwambia neno moja: "Nitakurudisha kwenye jiwe." Nzigire aliishi na neno hilo miaka ishirini na miwili, akafa nalo. Siku za mwisho, homa ilipopanda, aliomba mlango wa nyumba ufungwe kwa sababu kutoka kwenye mlango ule, siku isiyo na ukungu, kile kichwa cheupe kilionekana.

Colombe alikua akiitwa Mwana wa Jiwe. Shuleni Idjwi wenzake walimwekea kokoto kwenye sahani ya maharagwe ili ale chakula cha kwao. Padre aliyembatiza alimpa jina Colombe, yaani njiwa, nadhani kwa huruma, lakini jina la kanisani lilibaki kanisani. Alipoposwa na Lucien, kijana wa Mulonge, Colombe alifikiri ng'ambo ya pili ya ziwa watu watakuwa wamesahau. Siku ya mahari wazee wa ukoo wa Lucien walifika na mtungi mmoja wa kasiksi, pombe ya ndizi, na kitu kizito kilichofungwa katika kitenge kipya. Alphonse akafungua kitenge mbele ya wageni wote. Ndani mlikuwa na jiwe.

"Binti ya jiwe tunamuoa na jiwe," alisema mkubwa wao, na watu wakacheka mpaka pombe ikamwagika.

Lucien naye alicheka. Colombe aliona. Aliliweka lile jiwe nyumbani kwa mumewe, akasagia nalo chumvi na pilipili kwa miaka. Mtoto wao mmoja alikufa kwa surua. Lucien akaenda kuchimba dhahabu upande wa Shabunda, akatuma salamu mara moja, basi.

Mwanamke aliyeachwa hivyo Mulonge ana kazi moja ambayo hakuna anayemnyang'anya, nayo ni kuponda mawe. Unakaa chini kando ya barabara, miguu umeinyoosha mbele, unavaa vipande vya chupale, vile viatu vya plastiki, kwenye vidole ili usijipige, na unavunja mawe makubwa kuwa kokoto za kujengea. Colombe aliifanya kazi hiyo miaka thelathini. Jicho lake la kushoto liliharibiwa na kipande cha jiwe. Mikono yake ikawa myeusi na migumu kiasi kwamba aliweza kushika sufuria la moto bila kitambaa, na watoto walilipa kitu kidogo kumwona akifanya hivyo.

Kisha mji ukaanza kujenga ufukoni. Majumba ya ghorofa yalishuka mlimani kuja majini, kila moja na ukuta wake, na mkandarasi wa mengi kati ya hayo alikuwa Hugues, mtu wa suti na buti, mwenye malori matatu. Hugues alitaka jiwe jeusi gumu lisilonyonya maji, na machimbo ya nchi kavu yalikuwa yamebaki vumbi. Akauliza wanawake waponda mawe. Wote walinyamaza, kwa sababu wote walijua lilipo. Colombe peke yake alisimama, akapangusa viganja vya mikono kwenye kitenge.

"Patron, nitakuonyesha jiwe," alisema. "Lakini sharti moja. Tukianza, tunamaliza."

"Tunamaliza nini, maman?"

"Lote. Mpaka maji ipite juu."

Hugues akacheka. Mtu anayenunua mawe hawezi kukataa mawe mengi.

Hilo ndilo alilolitaka Colombe duniani, na hakulificha kwa mtu yeyote. Hakutaka nyumba ya mabati wala kurudi kwa Lucien. Alitaka, kabla hajafa, apande mtumbwi, apite mahali Kabuye palipokuwa, na asione kitu. Alisema jiwe likiisha, hata jina litaisha, kwa sababu watu hawawezi kumnyooshea mtu kidole kwa kitu ambacho hakipo. Alikosea kuhusu watu, lakini hakuna aliyejali kumwambia.

Kazi ilianza wakati wa kiangazi na ikaendelea miaka sita. Waliuvunja mwamba kwa moto. Unalundika kuni na matairi ya zamani juu ya jiwe, unawasha, unaacha liwake mpaka jiwe linaanza kupiga kelele ndogo ndogo ndani, halafu unamwaga maji baridi ya ziwa kwa ndoo. Jiwe linapasuka kwa mlio wa bunduki. Ndipo unatia mtaimbo katika ufa, kisha nyundo kubwa, kisha nyundo ndogo, na mitumbwi inabeba vipande mpaka ufukoni kwenye malori. Mtini ulikuwa wa kwanza kuungua. Fisi-maji walihama wenyewe. Kenge waliuawa, wakachomwa, wakaliwa na wapiga makasia.

Mwaka wa pili walifika chini ya kichwa, penye viota. Ilikuwa majira ya makinda. Wanawake wengine waliona midomo imefunguliwa kila mahali kwenye ule weupe, wakaweka nyundo chini.

"Maman Colombe, tungoje wiki mbili tu," alisema Rosette, aliyekuwa kijana kuliko wote na mwenye mtoto mgongoni. "Zitaruka. Halafu tutawasha."

"Miye nani aliningoja wiki mbili?" Colombe akauliza, akawasha.

Makinda yaliungua kwenye viota. Wazazi wao walizunguka juu ya moshi siku nzima wakikoroma, maana mnandi hana sauti nyingine, na jioni wakaondoka kuelekea Idjwi kama kamba ndefu nyeusi. Rosette hakurudi tena kwenye kazi ile. Mimi siwezi kumhesabia Colombe haki kwa jambo hili. Aliyetendewa ukatili anajua uzito wake kuliko mtu mwingine, na akiutenda kwa kiumbe asiye na kosa, hana la kujitetea kwamba hakujua.

Kufikia mwaka wa sita ulibaki ule upande wa kaskazini peke yake, kichwa chenyewe, cheupe bado, kikisimama juu ya maji kama jino. Hapo ndipo alipokuja Jean-de-Dieu.

Jean-de-Dieu alikuwa nahodha wa boti ya mota iliyoleta watu na mananasi kutoka Idjwi kila Jumanne na Ijumaa, siku za soko. Alikuja peke yake kwa mtumbwi mdogo, akafunga kamba kwenye mtaimbo uliokuwa umesimamishwa katika ufa, akaketi mbele ya Colombe kwa heshima, kofia mkononi.

"Asinge, maman."

"Asinge. Umefuata mawe?"

"Nimefuata kichwa. Maman, shiye wote wa boti tunapimia huyu kichwa. Ukungu ikiwa, mvua ikiwa, tunatafuta ile nyeupe, tunaiacha mukono wa kushoto, njo tunakata kuingia Mulonge. Baba yangu alipima hivyo, babu yangu alipima hivyo. Ukitoa kichwa, ile ya chini inabaki ndani ya maji. Hatutaiona. Boti itaipanda."

"Nitatoa na ile ya chini."

"Utaitoa namna gani, na iko ndani ya maji? Moto inawaka ndani ya maji?"

Colombe alikuwa ameshalifikiria hilo, na alikuwa ameamua kwamba kisichoonekana hakipo.

"Nakuomba kama mutoto wako," Jean-de-Dieu akaendelea. "Achia kidogo. Kama nyumba ya kuku. Tutaipaka chokaa shiye wenyewe."

"Jean-de-Dieu."

"Maman."

"Mama yangu alikaa hapa siku ine. Boti saba zilipita. Babu yako, ile unasema alikuwa anapima na kichwa, alikuwa ndani ya moja. Mama alimujua, walikuwa jirani. Alimwita na jina." Akachukua nyundo yake ndogo. "Aliangalia wapi, babu yako?"

Jean-de-Dieu aligeuza kofia mikononi. "Ile ilikuwa zamani," akasema.

"Miye niko na miaka sitini na kitu. Niko zamani?"

"Maman, kuna batu ndani ya boti. Kuna batoto. Emmanuella wangu njo anakamata tiketi."

"Basi umufundishe kuangalia chini."

Mtu huyo akafungua kamba yake. Alipofika mbali kidogo, akiwa salama dhidi ya nyundo, akapiga kelele: "Kumbe wazee walisema kweli! Mutoto ya jiwe, roho ya jiwe!" Na wapiga makasia wa Hugues wakacheka, ingawa walikuwa wakila kwa mikono ya mwanamke yule.

Kichwa cha Kabuye kilivunjwa mwezi wa nane. Colombe alipiga mwenyewe nyundo ya mwisho. Sasa kiko katika ukuta wa nyumba moja ya ghorofa tatu upande wa magharibi wa ghuba, na ukipita hapo mvua ikinyesha unaweza kuona mawe fulani yanatoa maji meupe.

Mvua zikaja, ziwa likapanda kama kila mwaka. Mwezi wa kumi na moja kisiki cha mwamba kilikuwa bado kinaonekana kati ya mawimbi. Mwezi wa pili kilikuwa kimezama. Colombe akamlipa mtu mwenye mtumbwi ampeleke. Walipita juu yake polepole, wakati wa saa nne asubuhi, maji yakiwa tulivu. Akainama, akaona weusi chini, karibu kiasi cha kushika, kisha mtumbwi ukapita na weusi ukawa maji ya kawaida. Mwenye mtumbwi alisimulia baadaye kwamba yule mama alicheka kama mtu aliyesikia habari njema, akatoa mfukoni lile jiwe la mahari, la kusagia chumvi, akaliachia lizame.

Ufukoni, akishuka, msichana mmoja aliyekuwa akiosha sambaza akamwambia mwenzake: "Mupishe Mwana wa Jiwe apite."

Ajali ilitokea Ijumaa ya mwezi wa nne. Kulikuwa na manyunyu na ukungu mwepesi, asubuhi ya soko. Boti ya Jean-de-Dieu ilikuwa na watu arobaini na mmoja, na ilitengenezwa kubeba ishirini na watano. Alitafuta ile nyeupe kwa macho kwa mazoea ya miaka thelathini, na macho yalipokosa, mkono ukakata kona kwa kumbukumbu. Mwamba uliipasua boti tumbo kutoka mbele hadi kwenye mota. Mitumbwi ya wavuvi iliokoa thelathini na wawili. Tisa walikufa, na kati yao Emmanuella, binti wa nahodha, mwenye miaka kumi na tisa, aliyekutwa na mfuko wa tiketi bado umefungwa kiunoni. Mananasi yalielea siku tatu. Watu wa Mulonge waliyaokota, wakala, na mengine wakayauza.

Baada ya mazishi walijaribu kuweka alama. Walisimamisha fimbo ya mwanzi, wimbi likaing'oa. Wakafunga bidoni tano za njano, madumu matupu ya plastiki, kwa kamba na jiwe zito. Bidoni ni mali, na kesho yake zilikuwa zimeibwa. Wakafunga nyingine, nazo zikaibwa, na kila mtu aliona bidoni mpya za njano katika nyumba ya jirani yake akanyamaza. Ofisi ya mji ikaahidi boya la chuma. Jumanne ilikuwa inakaribia, na wafanyabiashara wa Idjwi walisema hawatapanda boti bila alama.

Basi mkutano ukaitwa ufukoni, mbele ya Grégoire, mkuu wa kijiji, aliyeketi kwenye kiti cha plastiki. Colombe aliletwa na vijana wawili, ingawa angekuja mwenyewe.

"Ulionywa, hukuonywa?" Grégoire akauliza.

"Nilionywa."

"Na ukakata."

"Nilikata. Na Hugues alinunua. Na barua ya ruhusa, ilikuwa na saini yako, chef. Na boti ilikuwa na batu arobaini na moja. Mutuite wote."

Minong'ono ikapita. Grégoire akajikohoza. "Monsieur Hugues anatutengenezea barabara," akasema. "Tusichanganye mambo."

"Angekuwa na mutu wake ndani ya ile boti, tungemuhurumia," alisema mwanamke mmoja kutoka nyuma. "Lakini iko na nani? Hata paka."

Hapo Jean-de-Dieu akasimama. Hakuwa amenyoa tangu mazishi. Watu walinyamaza kwa sababu msiba wake ulikuwa mkubwa kuliko wa wengine, na katika ukimya ule hakuna aliyemuuliza kuhusu wale watu arobaini na mmoja, wala aliyethubutu kumkumbusha.

"Fimbo inang'oka, bidoni inaibiwa," alisema polepole. "Yeye hakuna mutu atamwiba. Alitoa kichwa. Asimame pahali pa kichwa."

Mtu mmoja akacheka, akifikiri ni mzaha. Kisha akaona nyuso za wengine, akaacha. Walianza kujadili namna ya kufanya kama watu wanaopanga kazi ya kawaida. Maji pale yanafika magotini, yakipanda sana mapajani. Jumanne na Ijumaa, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka boti ya mwisho irudi. Afungwe shuka nyeupe kichwani, ionekane mbali. Mpaka boya la serikali lifike. Wakanyoosha mikono, na mikono ilikuwa mingi. Rosette, yule aliyeombea makinda, hakunyoosha wake. Hakusema neno pia.

Colombe alikuwa akitazama maji. Mwishowe akauliza kitu kimoja tu: "Nani atanipeleka?"

"Miye," akasema Jean-de-Dieu.

Angeweza kukimbia. Kuna barabara ya kwenda Miti, kuna Bunyakiri, na Congo ni kubwa. Lakini mwanamke wa miaka hiyo, mwenye jicho moja, asiye na mtu, angekimbilia kwa nani? Na nafikiri kulikuwa na jambo lingine. Alikuwa amezihesabu zile maiti tisa zilipolazwa mchangani, akapita moja moja, akaangalia kila uso. Katika Mulonge yote, ni yeye peke yake aliyeangalia zote.

Jumanne ya kwanza vijana walimpekua kabla hajapanda mtumbwi, asije akawa ameficha nyundo. Wakamfunga shuka. Jean-de-Dieu alipiga kasia mpaka mahali pale, akapapasa kwa kasia, akagonga jiwe.

"Shuka."

Akashuka. Maji yalimfika juu ya magoti, baridi, na mwamba ulikuwa na utelezi wa majani ya maji.

"Hapa njo mama yako alikuwa?" Jean-de-Dieu akauliza. Hakuna anayejua aliuliza kwa kumdhihaki au kwa kutaka kujua.

"Juu kidogo," akajibu Colombe. "Nilipatoa."

Boya halikufika mwezi ule wala uliofuata. Colombe alijifunza kusimama miguu imetanuliwa, kugeuza mgongo kwa wimbi, kukojoa akiwa amesimama bila mtu kujua. Miguu yake ilivimba, ngozi ya nyayo ikawa nyeupe ikatoka vipande vipande. Mwezi wa sita, maji yalipoanza kupungua, aliomba aruhusiwe kukaa kwenye kigoda. Wakakataa, wakisema akikaa ataonekana kama bata. Siku nyingine mnandi mmoja alikuja, akazunguka, akatua kwenye maji hatua kumi kutoka kwake, akamkodolea macho. Akapiga maji kwa mkono amfukuze. Ndege akazama, akaibuka karibu zaidi.

Manahodha wamezoea sasa. Wanaambiana, "Umuache mukono wa kushoto, halafu kata," na hakuna boti iliyogonga tena. Jean-de-Dieu amepata boti nyingine. Humo ndiye peke yake anayemtazama moja kwa moja kila akipita, kwa sababu lazima apime.

Ijumaa moja mwezi wa saba alikuwemo ndani ya boti hiyo mwanamke wa Miti aliyeitwa Monique, aliyekwenda Idjwi kwa mara ya kwanza kununua mananasi. Aliona kitu cheupe mbele, akadhani ni ndege mkubwa. Walipokaribia akaona uso, akashika mkono wa jirani yake.

"Maman, ule ni mutu! Anafanya nini kule? Anaita, angalia, anainua mukono!"

Jirani alikuwa tayari ameelekeza uso wake upande wa pili, kule kwenye milima. Abiria wote walikuwa wameelekeza nyuso zao huko.

"Usiangalie," akasema. "Weye ni mugeni. Geuka huku."

Monique akabaki na macho yake pale kwa muda mfupi, kichwa kikiwa kimegeuka nusu. Kisha naye akageuka. Boti ikakata kona, ikaingia Mulonge, na mananasi yalifika sokoni mapema siku hiyo.